UZI: Maji taka yakirudi ndani ya nyumba, ni kazi ya nani?

1/ Kila mdahalo ukifika swali la mafuriko, mmoja anasema "kaunti imelala," mwingine anajibu "serikali kuu haijatuma pesa," watu wanapiga makofi, tunarudi nyumbani. Sitataja mtu wala chama. Nataka tu tujue kuuliza hilo swali vizuri, kwa sababu mimi lilinifuata hadi chumbani.

2/ Aprili 2024, mvua ile mnaikumbuka. Tunaishi nyumba ya chini kabisa kwenye ploti moja Eastlands, Nairobi. Saa tisa usiku mama akaniamsha: "Amka, choo kinachemka." Maji hayakupitia mlangoni. Yalitoka kwa choo na tundu la bafu, meusi, yakafika godoro la mdogo wangu. Tuliosha nyumba siku mbili.

3/ Somo la kwanza: mtaro na bomba la maji taka ni vitu viwili. Mtaro hubeba maji ya mvua kwenda mtoni. Bomba hubeba maji ya choo, bafu na jikoni kwenda kusafishwa. Kwa hivyo mheshimiwa akipigwa picha akizibua mtaro, ni sawa, lakini huenda hajagusa kilichoingia kwako.

4/ Sasa mbona yanarudi mvua ikinyesha? Kuna wanaoelekeza maji ya paa kwenye bomba la maji taka. Vifuniko vya mashimo yake vinaibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, mvua inaingia. Mafuta ya kupikia, nepi na pedi zinaziba njia. Bomba likijaa, maji hutafuta tundu lililo chini zaidi. Ukiishi chini, tundu ni lako.

5/ Cha kufanya nyumbani: usimwage mafuta kwa sinki, usitupe nepi chooni. Mwambie landilodi atenganishe maji ya paa. Lile shimo la nje linalopokea maji ya jikoni na bafu, mdomo wake uwe chini kuliko sakafu yako, ili yakifurika yafurikie nje. Pia kuna valvu inayoruhusu maji kutoka na kuyazuia kurudi. Inahitaji kusafishwa, na ikijifunga usimwage maji wala kuvuta choo, la sivyo maji yako mwenyewe yatakurudia.

6/ Landilodi wetu aliweka hiyo valvu. Mvua iliyofuata tulilala vizuri. Maji yakatokea kwa jirani wa ploti ya nyuma, mama mwenye watoto wawili. Hapo ndipo nilielewa kwa nini hili ni jambo la siasa: kila mtu akijifungia mlango wake, uchafu unamwendea asiye na pesa ya valvu.

7/ Nani anahusika? Bomba la ndani ya ploti ni la mwenye nyumba. Likishatoka, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira, pamoja na maji ya mvua mijini. Serikali kuu haijaponyoka: kuna mashirika yake ya kujenga miradi mikubwa ya maji na maji taka, na mitaro ya barabara zake ni yake. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya kiwango kizuri cha usafi. Si hisani.

8/ Halafu kuna kalenda. Kaunti inapaswa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Sisi hupiga kelele Aprili, matope yakiwa magotini. Wakati huo hesabu ishapigwa. Kelele za maji taka ni za Agosti, jua likiwaka.

9/ Kwa hivyo mdahalo ujao, usiulize "mtafanya nini kuhusu mafuriko?" Uliza: bomba la mtaa wetu liko kwenye mpango wa mwaka gani? Limetengewa pesa ngapi? Vifuniko vilivyoibwa vitarudishwa lini? Akikujibu na mitaro, mrudishe kwa bomba.

10/ Nilimuuliza mama angeuliza nini akipewa maikrofoni. Akasema: "Bili ya maji ninayolipa kila mwezi ina pesa ya maji taka. Hiyo ninalipia yaende ama yarudi?" Mimi sina swali bora kuliko hilo.