Je, Wajua? Wali wa Mchanga wa Shelly Beach

Jumapili alasiri, Shelly Beach, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Msichana wa miaka minne hivi amechuchumaa pale maji yalipotoka kupwa. Anajaza mchanga kwenye kifuu, anaushindilia kwa kiganja, anakipindua, anakigonga mgongoni mara tatu, kisha anakiinua taratibu.

"Nyanya, karibu wali."

Nyanya anakunja leso yake, anaketi, anamega hewa, anatafuna. "Leo nazi umeikoleza, mama wee!"

Je, wajua wali ule una sayansi yake? Mwaka 2012 Daniel Bonn wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na wenzake walieleza kuwa mchanga husimama imara zaidi maji yakiwa takriban asilimia 1 tu ya ujazo wake. Maji hayo machache hunasa baina ya chembe na kuzivuta pamoja; yakizidi, mshiko hulegea na ngome ya mchanga huporomoka. Mtoto hajui asilimia, lakini mtazame anavyohama, hatua mbili juu, hatua mbili chini, mpaka aupate mchanga unaomtii.

Na mchanga mweupe wenyewe, kwenye fuo zenye matumbawe, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Pono huguguna matumbawe, huyasaga kwa meno yaliyo kooni, kisha huutoa unga wake. Pono mmoja mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mwambie mtoto hilo uone atakavyocheka!

Watoto wa Pwani hawakungoja duka la vitu vya kuchezea. Mnazi uliwatosha. Ukuti hukunjwa ukawa kititia, ukachomekwa kwenye chelewa, na mtoto akakimbia nao dhidi ya upepo mpaka uzunguke. Kidaka nacho huwa pia ya kuzungusha. Kumbi, likitiwa tanga la jani la mkungu, huwa jahazi, tena jahazi lisilozama upesi, maana nyuzi zake zimeshika hewa. Kwa sababu hiyo hiyo nazi huweza kuelea mbali baharini na kuota kwenye ufuo mwingine. Lakini kombe zuri ndilo la kuachwa mahali pake. Wako kaa wanaoishi ndani ya makombe matupu, na likipatikana kombe kubwa, baadhi yao hujipanga kwa ukubwa, kila mmoja akisubiri kuhamia nyumba ya aliye mbele yake.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwauliza watu kumbukumbu yao ya kwanza kabisa. Ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ilirudi nyuma kuliko ya wengine: kwa wastani, walipokuwa na miaka 2 na miezi 8 hivi. Watafiti wanalihusisha jambo hilo na utamaduni wa Wamaori wa kuyathamini na kuyasimulia yaliyopita. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa mtoto anayezungumzishwa kwa kina na mzazi kuhusu siku iliyopita huikumbuka vizuri zaidi.

Basi picha za simu hazitoshi. Kumbukumbu ya mtoto hujengwa usiku ule ule, mchanga ukiwa bado nyweleni, mtu anapomuuliza: ulipika nini leo? Nani alikula? Jahazi lako lilifika wapi?

Ukitaka kumpeleka mtoto Shelly Beach, mwenda kwa miguu halipi nauli kwenye kivuko cha Likoni. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo waulize wavuvi kwanza. Nazi ya leo ikishakunwa, usikitupe kifuu. Mpe mtoto, mvuke naye, na akikukaribisha wali, kaa chini ule.