Sukari yangu naiununua kwa nani? Hesabu ya mchimbaji mmoja kati ya Misisi na Baraka

Mwaka jana, mu siku za mvua, nilishuka kutoka Misisi mpaka nyumbani Baraka, na mama watoto akaniuliza neno moja tu: "Papa, dhahabu ilitoka, feza iko wapi?" Nikamuonyesha kikaratasi cha madeni. Mchele, mafuta, betri za tochi, nyundo, sigara za vijana wa timu, ndagala kavu. Vyote nilikuwa nimevichukua pa duka moja kule juu, na duka ile ni ya mtu yule yule anayetununulia dhahabu. Anakopesha kwa bei yake, na siku ya kupima anakata kwa mizani yake. Mimi mtu wa syndicat, ninayefundisha wengine kuhesabu, nilikuwa sijajihesabia mwenyewe.

Tukapatana pale pale: miezi mitatu tutanunua tu kwa watu wadogo, wa hapa hapa.

Kusema ni rahisi. Siku ya kwanza mama watoto akauliza, mdogo ni nani? Na wa hapa ni nani? Tukaweka kanuni moja: mwenye duka awe njo yeye anayesimama nyuma ya meza, na usiku alale mu mtaa huu huu, mtoto wake asome na wa kwetu.

Chakula hakikutusumbua. Baraka iko na ziwa. Asubuhi wavuvi wanafika na mikeke na ndagala, bamama wananunua ufukoni na kabla ya saa sita samaki iko sokoni. Unga wa muhogo, sombe, mawese, karanga, hata sabuni ya mawese, vyote vinatoka mu vijiji vya Fizi. Ukimpa yule mama feza yako, kesho amelipa minerval ya mtoto, mwalimu naye ananunua kwa fundi cherehani, na fundi anakuja kununua samaki. Unaiona feza kwa macho inatembea.

Lakini sukari? Chumvi, petroli, dawa, koleo, nyundo? Niliuliza mama mmoja wa ligablo karibu na kwetu kwa nini sukari yake inapita ile ya depo kwa faranga mia mbili au tatu. Akacheka. "Mimi niko mdogo, lakini sukari ni ya mkubwa." Anainunua pa depo ile ile niliyokuwa naikimbia, mufuko mmoja mmoja, na depo inaipokea kwa boti au kwa lori kutoka Uvira. Barabara ya taifa namba 5 mnaijua, pamoja na barriere zake. Kila mutu pale njiani anakata kidogo, na mama wa ligablo ndiye wa mwisho kwenye foleni. Donc zile faranga mia mbili hazikuwa faida ya depo, zilikuwa chakula cha watoto wake. Kwa hiyo niliendelea kuzilipa. Mama watoto hakupenda, na alikuwa na haki yake: faranga mia mbili mara siku tisini si mchezo.

Jambo hili si jipya kwa wachimbaji. Katanga, wakati wa Union Minière na baadaye Gécamines, mfanyakazi alipewa poso, unga na vingine, kutoka kwa kampuni. Wazee wanaisifu mpaka leo, kwa sababu watoto walikula. Lakini kampuni ilishika mshahara na sufuria kwa mkono mmoja. Gécamines ilipoanguka mu miaka ya 1990 poso ikakatika, na ni wake za wachimbaji, kwa biashara zao ndogo, waliobeba nyumba. Code du travail ya 2002 inakataza mwajiri kumzuia mfanyakazi kutumia mshahara wake anavyotaka. Sawa. Lakini creuseur hana mwajiri wala kontrati, ana deni. Sheria inapita juu ya kichwa chetu kama ndege.

Mwezi wa pili nilileta habari hii mu mkutano wetu. Nilifikiri tutazungumza bei. Badala yake kijana mmoja akasimama: tuandike lisiti ya maduka ya kukimbia, "ya wageni". Mwingine akauliza, wageni gani? Na majina ya makabila yakaanza kutoka. Nilisikia baridi mu tumbo. Fizi tunajua lisiti za namna ile zinaishia wapi, kuko nyumba zimechomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Na yule mnunuzi aliyetushika shingo na mizani yake ni mwenyeji kabisa, babu yake amezikwa hapa.

Nikawakumbusha tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka na mashamba ya Wagiriki, ya Wareno, ya Wapakistani yakapewa "wana wa inchi". Wana gani? Wenye kujuana na wakubwa. Wengi waliuza kilichokuwa mu rafu na hawakununua kingine, rafu zikabaki tupu, bei ikapanda, na baada ya miaka michache serikali ikaanza kurudishia wenyewe. Baba yangu alisimuliaka jinsi chumvi ilivyogeuka kitu cha kutafutwa. Aliyelipa deni ile ni mnunuzi mdogo.

Hata leo sheria ziko. Ile ya 1990 inawekea raia biashara ndogo, na ile ya 2017 inasema sous-traitance iende kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Ni nzuri, sizikatai. Ila pasipoti ya mwenye duka hainiambii kama mizani yake ni sawa. Lisiti haikuandikwa siku ile. Vijana wawili walitoka wamenikasirikia, mmoja mpaka sasa ananisalimia nusu nusu.

Tulichofanya ni kidogo tu. Timu yetu, watu tisa, tuliweka feza pamoja kabla ya kupanda na kununua chakula Baraka: unga, mawese, ndagala. Moto zikabeba kupitia Fizi-centre na Lulimba. Mnunuzi alijua haraka. Safari ya kwanza alipunguza bei ya gramu yetu, tukaumia kweli, tukataka kuacha. Bahati hatukuwa na deni kwake, tukabeba dhahabu kwa mwingine.

Halafu mvua ikajaza shimo, wiki tatu hatukuchimba hata jiwe. Nyumbani feza ikaisha. Depo haikopeshi mtu wa mwendo kama mimi. Mama wa ligablo alimpa mke wangu sukari, chumvi na sabuni, akaandika mu kaye ya shule ya mtoto wake, bila kuongeza kitu. Nilipomlipa aliniambia nisikawie tena hivyo, kwa sababu yeye naye depo ilikuwa inamdai.

Miezi mitatu ilipita zamani. Wiki ijayo tunapanda tena. Unga umelipwa, ndagala ziko juani ufukoni. Nyundo na petroli, tutanunua kwa yule yule.