Tiba ya mikono: Bidhaa ni utulivu, si uponyaji

MSIMU wa pamba unapofunguliwa, fedha huingia Kiloleli, mkoani Simiyu, na kila mwenye bidhaa huzifuata. Wabeba mizigo nao, migongo ikiwauma, hutafuta mtu wa kuwachua. Kwa mwenye mtaji mdogo, huduma ya mikono huonekana kuwa biashara nyepesi. Hata hivyo, ni vema kujua kinachouzwa hasa.

Moja ya huduma hizo, iliyoenea Marekani na Ulaya, huitwa tiba ya kraniosakrali. Mteja hulala chali akiwa na nguo zake. Mtoa huduma huweka mikono kichwani na chini ya mgongo bila kuvuta wala kukandamiza. Nguvu inayotumika hutajwa kuwa gramu 5 hivi, karibu sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kikao huchukua kama saa moja.

Msingi wake uliwekwa miaka ya 1930 na tabibu wa Marekani, William Sutherland. John Upledger aliuendeleza miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Wao waliamini kuwa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo ambao mikono huweza kuusikia na kuurekebisha.

Hapo ndipo mnunuzi aangalie mizani. Imeonekana kuwa watoa huduma wawili wakimpima mtu mmoja, mara nyingi hupata hesabu tofauti za mdundo huo. Aidha, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakukuta faida ya kuaminika kwa maradhi yaliyochunguzwa. Mteja anaweza kuondoka ametulia, na utulivu una bei yake. Anayeuuza kama dawa ya kifafa au kiharusi anauza gunia lenye mchanga.

Kwa mwekezaji, vifaa ni vichache: kitanda, mashuka safi na chumba chenye ukimya. Gharama kubwa ni mafunzo na muda. Mikono miwili humhudumia mtu mmoja kwa saa, hivyo saa 8 za kazi ni wateja 8 tu, hata kama foleni ni ndefu. Pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa tiba hizo. Asiyesajiliwa huweka mtaji wake mashakani.

Kwa mteja, huduma hii haimfai aliyeumia kichwa karibuni au anayeshukiwa kuvuja damu kwenye ubongo. Homa kali yenye shingo kukakamaa, au mkono kupooza ghafla, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Nauli ya safari hiyo itengwe kwanza, ndipo kinachobaki kinunue mapumziko. Pamba huvunwa mara moja kwa mwaka.