Pikipiki ya Starehe na Mnunuzi Wake

Pikipiki nyingi za Nyeri, tangu stendi za mjini hadi Othaya, Mukurweini na Karatina, ni za kazi: hubeba abiria, maziwa, magunia ya kabichi na mitungi ya gesi, na mwenye Boxer ya injini ya 150 aliyoitunza vyema hatafuti mnunuzi kwa taabu, madhali kila kijana wa bodaboda anaijua bei yake na kila fundi ana vipuri vyake. Mambo si hayo kwa yule aliyejaliwa pikipiki ya starehe, ile ya kiti cha chini, usukani mpana na miguu iliyotangulia mbele, ambayo Wamarekani wa Harley-Davidson waliivumisha duniani na Wajapani wakaiunda kwa namna yao. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zisizozidi ujazo wa cc 250, soko la Kenya limefurika zile ndogo, na hii kubwa imebaki kuwa ya wachache.

Uchache huo ni heshima barabarani na ni dhiki sokoni. Tumbo lake li karibu na ardhi, basi katika njia za matuta na matope mekundu ya masika hukwaruza; hunywa petroli kwa moyo mkunjufu; wala haibebi gunia. Mnunuzi wake aghalabu hatoki kijijini. Atatoka Nairobi au Nanyuki, mtu mwenye kipato na wasaa, anayeitaka kwa ajili ya lami ndefu ya kuuzunguka Mlima Kenya. Kumngoja kwahitaji subira, na muuzaji mwenye haraka, akiipeleka kwa dalali, atapimiwa kwa bei ya Boxer mbili akaona amefanyiwa hisani.

Anapowasili mnunuzi huyo, ikiwa ni mjuzi, hataanza na rangi wala kromu. Atauweka mkono juu ya silinda, na akiikuta ina joto atauliza, kwa adabu lakini kwa shaka, “Mzee, kwa nini umeiwasha kabla sijafika?” Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha uchovu wake, ilhali asubuhi ya baridi ya Julai huko Nyeri huufichua wote. Kisha aombe plagi ifunguliwe. Mji wa Nyeri umeinuka mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa nchi za tambarare humimina mafuta kuliko haja, hata ncha ya plagi ikavaa masizi meusi; ikitoka na rangi ya kahawia, ni dhahiri kwamba fundi ameirekebisha kwa maarifa. Zipo aina, kama Yamaha DragStar 650, zisizo na cheni: nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa mtaimbo unaozunguka, na oili ya gia zake husahauliwa na wengi kwa sababu haionekani. Muuzaji mwenye risiti ya kuibadilisha oili hiyo, mimi ningemwamini kuliko mwenye maneno matamu. Majaribio yafanywe kwenye mteremko, mahali ambapo breki hazina pa kujificha, na rafiki wa mnunuzi abaki na muuzaji pamoja na fedha.

Baada ya hayo huja jambo ambalo wauzaji hulidharau, nalo ndilo lenye hatari kwao zaidi kuliko kwa mnunuzi. Sheria ya Usafiri Barabarani humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitike vinginevyo, na chombo kilichouzwa hakiruhusiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kuandikishwa. Anayepokea fedha na kukabidhi logibuku mkononi, kisha akaenda zake, ameacha jina lake likitembea pamoja na pikipiki ya mtu mwingine, na likitokea la kutokea, polisi watabisha mlangoni pake. Dawa ni nyepesi: uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mnunuzi akaukubali katika yake kwa namba ya PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, na namba za chesisi na injini zilinganishwe na hati mbele ya wote wawili. Ikiwa jina la mkopeshaji limo katika umiliki, lazima aondolewe kwanza, hata deni liwe limelipwa zamani.

Mnunuzi akisema atahamisha baadaye, heri muuzaji apunguze bei kidogo na kazi imalizwe siku hiyo hiyo. Bima nayo ni ya muuzaji, haimfuati mnunuzi. Basi anayetaka kuteremka Nairobi jioni hiyo na akate yake kabla ya kutia ufunguo.