Dosiye moja, ordinatere mbili: mulango wa kuchunga

Mu ma-cyber na maofisi mingi ya miji yetu, klé moja inapita ku mashini nyingi kwa siku moja, na virusi inapita pamoja nayo. Ndiyo sababu watengenezaji wamoja wanaweka ordinatere ya pili ndani ya ile ya kwanza, kwa programu kama VirtualBox, yenye hailipiwi. Klé ya mugeni inafunguliwa kule ndani. Kukiharibika kule, ni vigumu uharibifu ufike inje.

Hiyo ordinatere ya pili haishikwe na mukono. Ni programu yenye kujifanya mashini nzima, iko na Windows ao Linux yake, na diski yake. Tuseme mashini ya kweli ni mwenye nyumba, ile ya ndani ni mupangaji.

Siku moja mupangaji anahitaji barua yenye iko kwa mwenye nyumba. Njo watu wanafungua dosiye ya kugawa, yenye mu programu inaitwa «dossier partagé». Hapo wengi wanajidanganya: wanazani ni kopi. Hapana. Ni dosiye ileile, inaonekana fasi mbili. Ukifuta picha kule ndani, inje pia imefutika, na mara nyingi haipite ku corbeille. Virusi yenye kufunga mafishiye ili iombe feza, nayo itapita kwa mulango huo.

Kuko mutego mwengine. VirtualBox inakuacha upige «instantané», maana yake kuchunga hali ya mupangaji leo, ili kesho umurudishe vilevile. Lakini instantané inachunga vitu vya mupangaji tu. Dosiye ya kugawa ni ya mwenye nyumba: chenye kimefutwa mule, instantané haikirudishe.

Basi ufanye nini?

Usigawe diski nzima, wala dosiye yako ya «Documents». Tengeneza dosiye mbili ndogo.

Ya kwanza ni ya kuingiza. Wakati unaiongeza mu «Dossiers partagés», weka alama ku «Lecture seule». Mupangaji ataweza kusoma, lakini hataandika wala kufuta.

Ya pili ni ya kutosha kazi. Haina ile alama, kwa hiyo usiweke kitu chako mule. Kazi ikiisha, pitisha antivirus mbele ya kufungua fishiye yoyote, uihamishe fasi ingine, kisha ondoa ugawaji. Mulango wenye hautumikishe, ufunge.

Tena, chunga kopi ya vitu vya maana ku diski yenye haiunganishwe na mashini. Mémoire ya mwanafunzi, picha za ndoa, karatasi za kiwanja: vikipotea, hata mutengenezaji mwenye ufundi anaweza kushindwa kuvirudisha.