Wasomi Wanaofanya Kazi Chini ya Maji

Watu wengi wakisikia neno "mpiga mbizi" humfikiria kijana wa pwani anayezamia kutafuta kombe na majongoo ya bahari, au askari polisi aliyetumwa kumtafuta mtu aliyezama. Wakisikia neno "mwanasayansi" humfikiria mtu aliyevaa koti jeupe, ameinamia hadubini. Ni wachache wafahamuo kwamba ipo kazi inayowaunganisha watu hao wawili katika mwili mmoja, kwamba kazi hiyo husomewa chuo kikuu, na kwamba katika nchi nyingi mtu haruhusiwi kuifanya bila kibali chake, hata awe profesa. Ajabu ni kwamba Kiswahili kiliyaona mambo haya mapema: shahada ya udaktari tunaiita "uzamivu", neno la watu wa kuzamia.

Mfano mzuri wa kazi yenyewe haupo mbali nasi. Katika bandari ya Mombasa, chini kidogo ya kuta za Ngome ya Yesu, umelala mzoga wa manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná. Wakati ule majeshi ya Waomani yalikuwa yameizingira ngome tangu mwaka 1696, na meli hiyo ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa. Ilizama hapo hapo mnamo Oktoba 1697, na mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Meli ilikaa matopeni kwa muda wa karibu miaka 280. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Kenya, yakishirikiana na taasisi ya Kimarekani ya elimukale ya majini, yaliifukua kwa utaratibu, na vitu vingi vilivyotolewa vimehifadhiwa ngomeni humo.

Sasa, ni nani angepelekwa kuifanya kazi ile? Mpiga mbizi hodari asiyejua elimukale angeng'oa mzinga na kuuleta juu kwa furaha, asijue kwamba mahali ulipolala mzinga ni habari yenye thamani kuliko mzinga wenyewe. Mtaalamu wa elimukale asiyejua kuzamia angebaki juu ya mashua, akingoja kuletewa vitu bila ramani. Jambo hili lilimsumbua sana George Bass, Mmarekani ambaye kabla ya kuwa mtaalamu wa mambo ya kale aliwahi kuwa luteni wa jeshi nchini Korea. Mwaka 1960 alikwenda Rasi ya Gelidonya, pwani ya Uturuki, kuchunguza meli iliyozama yapata miaka 1200 kabla ya Kristo, akiwa amepata mafunzo mafupi tu ya kuzamia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ni rahisi zaidi kumfundisha mtaalamu kuzamia kuliko kumfundisha mzamiaji elimu ya miaka mingi. Ni yeye aliyeanzisha taasisi iliyokuja kufanya kazi Mombasa.

Hoja hiyo ndiyo mzizi wa mafunzo yote yanayozungumzwa hapa. Mwanafunzi huja akiwa tayari na fani yake: samaki, matumbawe, miamba, mimea ya bahari au mambo ya kale. Mafunzo hayamwongezei fani nyingine. Humwezesha kuifanya ile ile mahali ambapo binadamu hakuumbiwa kuishi.

Katika Marekani mafunzo ya namna hii yalianza mapema miaka ya 1950 katika Taasisi ya Scripps, huko California. Vyuo vingi vya nchi hiyo sasa hufuata kanuni za Chuo cha Marekani cha Sayansi za Chini ya Maji, ambazo humtaka mwanafunzi asome na kufanya mazoezi kwa muda usiopungua saa 100, zikiwamo mbizi 12 katika maji ya wazi. Hata akimaliza hapewi bahari yote. Hupewa kina cha futi 30 kwanza, baadaye 60, kisha 100, na kila hatua lazima aifanyie mbizi chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Ulaya kuna ngazi mbili. Ya kwanza humtaka mtu awe amekwisha zamia mara 70, na mara 20 kati ya hizo awe alikuwa akifanya kazi ya sayansi; ya pili hutaka mbizi 100, nusu yake za kazi, na 20 ambazo yeye ndiye aliyewaongoza wenzake majini.

Kazi anazofundishwa, zikitajwa nchi kavu, ni za mtoto wa shule. Hutandaza tepe ya mita 50 juu ya mwamba na kuandika kila kilicho chini yake. Huweka kiunzi cha mraba na kuhesabu konokono waliomo. Hupiga picha, huchora na kufuata dira. Lakini huandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki, mkono mmoja ukiwa umeshika tepe, mkondo ukimvuta, na macho hayaachi kuangalia saa na kipimo cha hewa. Mwanafunzi aliyehesabu samaki vizuri akasahau hewa yake ameanguka mtihani. Aliyetunza hewa akarudi na kibao kitupu naye ameanguka.

Yafaa kueleza kidogo habari za hewa, maana ndiyo siri ya kazi nzima. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ufukweni. Mtu aliye kina cha mita 30 hubanwa mara nne kuliko aliye ufukweni, na kila pumzi avutayo humla hewa mara nne. Tuchukue mtungi wa kawaida wa lita 12, uliojazwa kwa kiasi cha hewa 200. Ndani yake mna lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa mbili akiwa juu. Kwa mita 10 atakaa saa moja. Kwa mita 30 nusu saa tu. Tena hapaswi kuumaliza. Akiacha robo kwa ajili ya dharura, zimebaki dakika 22 au 23, na humo mna kushuka na kupanda pia.

Kuna adui wa pili, naitrojeni. Gesi hii, ambayo nchi kavu huingia na kutoka mapafuni bila kumdhuru mtu, kwa mgandamizo huyeyuka katika damu na minofu. Kuanzia kina cha mita 30 hivi huanza kulevya kama pombe: mtu hucheka ovyo, husahau hesabu na huamini kwamba mambo yote ni mazuri. Akipanda upesi, gesi hutoka kwa mapovu ndani ya mwili kama chupa ya soda iliyofunguliwa. Mapovu yakikaa kwenye viungo huleta maumivu makali; yakikaa kwenye uti wa mgongo huweza kumlemaza mtu maisha yake yote. Tiba yake ni kumpa mgonjwa oksijeni na kumrudisha katika mgandamizo, ndani ya chumba maalumu cha chuma, na kuupunguza polepole.

Askari watafurahi kujua kwamba elimu ya kuuepuka ugonjwa huo ilitokana na jeshi. Ni Jeshi la Maji la Uingereza lililotaka wapiga mbizi wake walindwe, na Dakta John Haldane akafanya majaribio ya mgandamizo kwa kutumia mbuzi. Majedwali yake ya kupanda kwa vituo yalichapishwa mwaka 1908. Kompyuta ndogo ambazo wazamiaji wa leo hufunga mkononi zina hesabu zilizotokana na kazi ile ya mbuzi.

Hata hivyo katika jambo moja kazi hii huachana kabisa na desturi za kambini. Askari hufundishwa kutii amri. Mzamiaji wa sayansi hufundishwa kukataa. Kanuni husema kwamba ni wajibu wake kukataa kuingia majini akiona hali si salama au yeye mwenyewe hayuko sawa, na asiadhibiwe kwa hilo. Mwanafunzi mwenye mafua, mwenye msiba nyumbani au aliyepoteza usingizi aweza kumwambia profesa wake kwamba leo hazamii, na profesa hana budi kunyamaza. Wenye kujua malezi ya vyuo wataona kwamba hilo ni gumu kuliko kuvaa mtungi. Profesa ndiye atakayesahihisha tasnifu, mashua imekodiwa kwa siku mbili, na kijana amesafiri mbali. Ndiyo maana hukumu ya mwisho huwekwa mikononi mwa ofisa wa mbizi, mtu ambaye cheo chake hakitegemei matokeo ya utafiti.

Sheria hii haikuandikwa kwa wino mtupu. Conrad Limbaugh, mpiga mbizi mkuu wa Scripps, ndiye aliyekuwa mwalimu wa waalimu katika siku zile za mwanzo. Mnamo Machi 1960 alizamia huko Port Miou, kusini mwa Ufaransa, katika mto upitao chini ya ardhi hadi baharini. Alipotea humo, akafa. Kama uhodari ungemwokoa mtu, ungemwokoa yeye. Tangu hapo waalimu hawasifu tena ujasiri. Husifu hewa iliyobaki.

Serikali nazo zimelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Marekani ilitoa mwaka 1977 amri kali kwa wapiga mbizi wa biashara, wale wachomeleaji wa mabomba na wajenzi wa madaraja. Wanasayansi walilalamika kwamba kazi yao ni kutazama na kukusanya habari, si kubeba vyuma, na kwamba walikuwa na kanuni zao zilizowalinda vyema. Mwaka 1982 walikubaliwa kujitawala, kwa sharti kwamba kila chuo kiwe na halmashauri ya mbizi ambayo wengi wa wajumbe wake ni wazamiaji wenyewe. Huko huzamia wawili wawili, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake. Wajerumani hawakuridhika na hilo. Kwao mtafiti hufungwa kamba inayoshikwa juu na mwenzake, ambaye huongea naye kwa mvuto wa kamba. Pembeni huketi mzamiaji wa akiba, amekwisha kuvaa, na msimamizi huwaangalia wote. Watu watatu kwa ajili ya mtu mmoja anayehesabu konokono! Ni gharama kubwa, lakini askari aliyewahi kulinda doria ataelewa haraka.

Kwa upande wa jamaa, maswali huwa mengine. Je, kijana ataweza? Jambo la kwanza ni daktari. Hupima masikio, mapafu na moyo, na uchunguzi hurudiwa kila baada ya muda. Mwenye kifafa hukataliwa, na mwenye pumu huchunguzwa sana kabla ya kupewa jibu. Binti hazuiliwi, mwaka 1970 Sylvia Earle aliongoza wanawake wenzake wanne kukaa wiki mbili katika nyumba iliyojengwa chini ya bahari, katika visiwa vya Virgin vya Marekani, na kazi yao ilisifiwa. Mama mjamzito tu ndiye huambiwa asubiri. La pili ni riziki. Wazazi wasidanganyike kwamba cheti hiki peke yake huleta mshahara: anayeajiriwa ni mtaalamu wa samaki au wa matumbawe, na mbizi ni chombo chake, kama vile baiskeli ilivyo chombo cha bwana shamba.

Uhitaji hata hivyo upo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa. Satalaiti iliweza kupima joto la uso wa bahari. Aliyeweza kusema ni tumbawe lipi limekufa na lipi limepona ni mtu aliyeshuka na tepe na kibao, akarudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka.

Wakaao bara wasifikiri kwamba habari hizi ni za watu wa pwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na aina nyingi za samaki wake hazipatikani popote duniani. Lakini maziwa yetu yana mtego ambao vitabu vya baharini havikuuzingatia. Majedwali ya kawaida yalitungwa kwa mtu anayeibuka usawa wa bahari, nalo Ziwa Tanganyika liko mita zaidi ya 760 juu ya usawa huo, Ziwa Viktoria zaidi ya 1,130, na Kivu kama 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi, na mapovu hupata nafasi kubwa zaidi ya kutokea. Kwa hiyo aliyeshuka mita 18 katika Ziwa Viktoria hana budi kujihesabia kana kwamba alifika mita 20 na zaidi.

Wala hesabu haimalizwi na kuvua mtungi. Wazamiaji waliofanya kazi siku kadhaa huagizwa wangoje saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege. Mtafiti anayemaliza kazi jioni pwani ya Bujumbura, kisha akaombwa lifti ya gari la kwenda Bugarama, atapanda mlima hadi zaidi ya mita 2,000 kwa mwendo wa saa moja hivi. Mwili wake hautatambua kwamba hilo ni gari na si ndege. Atafanya vyema kulala mjini, ale samaki aliyekuwa akimhesabu, na asafiri kesho kutwa.