Je, Wajua? Mita 1500 Juu ya Barafu

Je, wajua kwamba katika mbio za kuteleza kwenye barafu, mita 1500 za wanawake si duru kamili? Uwanja una mita 400, hivyo mkimbiaji huzunguka mara tatu na robo tatu. Huteleza wawili wawili na kubadilishana njia kila mzunguko. Anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Lakini adui wa kweli ni saa, kwa maana ushindi hupimwa kwa muda, na huenda aliyekushinda hukuteleza naye kabisa.

Msimu wa Kombe la Dunia huanza mwezi Novemba, na pointi hukusanywa kutoka mji hadi mji. Mahali pana uzito wake. Salt Lake City, Marekani, iko juu sana kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haimzuii sana mkimbiaji. Hapo ndipo Miho Takagi wa Japani, katika fainali ya msimu, Machi 2019, alipotumia dakika 1 na sekunde 49.83. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 50 kabla yake.

Hata hivyo, malkia wa umbali huu kwenye Olimpiki ni Ireen Wüst wa Uholanzi: dhahabu ya mita 1500 mwaka 2010, 2018 na 2022. Ile ya mwisho aliitwaa Beijing akiwa na miaka 35.